Nilivyomwitikia Collard

Haya niliyaona mwenyewe, tena mchana, nikiwa nimeshiba na sina homa. Sinywi pombe. Nayataja mapema kwa sababu kama ningesimuliwa na mtu mwingine, hayo ndiyo maswali ambayo ningemuuliza kwanza.

Kazi yangu hapa Brussels ni kufunga vitabu upya na kupanga makaratasi ya zamani. Sikuisomea chuoni, nilijifundisha kwa kusoma na kukosea. Mwaka jana wazee waliosoma katika shule moja ya bweni ya Kiingereza huko Auderghem, pembeni mwa msitu, walinipa kazi ya kupanga madaftari yake ya mahudhurio, ili historia ya shule iandikwe kabla jengo halijageuzwa fleti. Ilikuwa shule ya wavulana wadogo walioandaliwa kwenda shule kubwa za Uingereza. Walivaa kaptura hata theluji ikianguka, waliitwa kwa jina la ukoo tu, na kila siku, asubuhi na saa kumi jioni, walisimama ukumbini kuitwa majina. Aliyeitika, mwalimu alimchorea mstari mmoja mwembamba. Asiyeitika, nafasi yake ilibaki wazi.

Habari za kazi hiyo zilimfikia Maman Régine, mama wa Lubumbashi aliyepita miaka sabini. Alinifuata karakanani kwangu, karibu na uwanja wa Flagey, akakaa bila kukaribishwa.

“Ni weye papa mwenye kuandika histoire ya ile masomo ya Bangereza?”

Nikamwambia naipanga tu, siiandiki.

“Bon. Kaka yangu alisomaka pale. Collard.”

Baba yao alikuwa Mbelgiji wa migodini, mama yao mwanamke wa Katanga. Kabla ya uhuru wa Kongo, baba alimleta mtoto huyo Auderghem akamwacha bwenini. Mtoto hakuonekana tena. Shule iliandika barua kwamba alikaa salama mpaka muhula ulipofungwa, kisha mlezi wake akaja kumchukua.

“Bongo!” alisema Maman. “Uongo mutupu. Mulezi gani? Hakukuwa mulezi.”

Kumbe alikuwa amefika mbali. Katika daftari la makaburi alikuta mtoto asiye na jina, aliyeokotwa msituni mwezi Novemba wa mwaka uleule. Wakili wake alihitaji karatasi moja tu: ya kuonyesha kwamba Collard alikosekana shuleni mwezi huo, mwezi mzima kabla ya muhula kufungwa. Akiipata, angeomba kaburi lifunguliwe, vipimo vifanyike, na jina liandikwe.

Nililipata daftari lenyewe Jumatano moja asubuhi, nikifanya kazi katika ukumbi wa shule. Mistari ya Collard ilikwenda sawasawa na ya wenzake hadi Jumanne ya tatu ya Novemba. Baada ya hapo, nafasi tupu hadi mwisho wa muhula. Niliangalia mara tatu, kisha nikampigia simu.

“Uko na hakika, papa?”

“Ninalo mbele yangu, Maman.”

Alicheka, akalia, halafu akanikaripia. “Alors unangoja nini? Piga photo!”

“Nitapiga. Namalizia kwanza kutia kurasa namba.”

“Weye na mipango yako! Ndiyo maana hauna bibi!”

Huo ndio utaratibu wangu: namba kwanza, picha baadaye. Sijawahi kuuvunja.

Saa kumi nilikuwa bado ukumbini, peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani. Mitambo ya kupasha joto ilishazimwa; pumzi yangu ilitoka kama moshi. Mwanamume mmoja akapita kando ya meza yangu. Alivaa joho jeusi lenye chaki kwenye mkono, na akaja kusimama mbele ya daftari. Alifungua kinywa, na niamini, hapakutoka moshi wowote. Ilitoka sauti.

“Abbott.”

Sauti ndogo ikaitika katikati ya ukumbi, pasipo na mtu.

“Barlow.” Ikaitika nyingine.

“Collard.”

Kimya. Akarudia. Kimya. Akaanza upya tangu juu: Abbott, Barlow, Collard. Kimya. Tena tangu juu.

Nilibaki kitini. Nilihesabu mara kumi na moja. Kila mara Abbott aliitika kwa uchovu zaidi, na Barlow alikuwa ameanza kulia. Nikaelewa kwamba hawataruhusiwa kuketi mpaka jina lile lipate mwitikio, na kwamba walikuwa wamesimama hivyo tangu zamani.

Mimi nimekulia Muheza. Nani kwetu hajafundishwa kwamba ukisikia unaitwa na usiyemjua, huitiki? Lakini sikuitwa mimi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

“Collard.”

“Nipo,” nikasema.

Mwalimu akanitazama, akachora, akaendelea na majina mengine mpaka la mwisho. Nikasikia watoto wengi wakiketi kwa pamoja. Kisha ukumbi ukawa mtupu.

Nilipolivuta daftari karibu, mstari wa Collard ulikuwa umejaa. Kila asubuhi, kila jioni, kuanzia Jumanne ile hadi siku ya kufunga. Wino umefifia sawa na wa mistari mingine. Mtaalamu aliyeukagua baadaye alisema ni wa wakati uleule. Sasa daftari linathibitisha barua ya shule, neno kwa neno.

Nilimweleza Maman Régine kila kitu.

“Uliitika na sauti gani?” aliuliza mwishowe.

“Yangu, Maman.”

“Basi balipata shahidi yao. Ni weye.”

Akachukua mkoba wake akaondoka. Picha sikuwa nimepiga; wakili alisema hana tena la kupeleka. Kaburi halijafunguliwa. Kazi ya wale wazee niliiacha, lakini saa kumi inanifuata kila siku: niwe sokoni Flagey, niwe ndani ya tramu, kinywa changu husema “Nipo”, na watu hugeuka kutafuta nani ameniita. Usiku nazihesabu upya zile nafasi tupu kichwani, na nimeanza kusahau zilianzia wapi.

Nawe, ukisikia jina linaitwa na mwenyewe haitiki, hata wenzake wakilia, funga mdomo. Mtoto yule alikuwa na ushahidi mmoja tu duniani, ukimya wake. Mimi nikaujaza kwa huruma.