Mlinzi Aliyegeuza Mgongo

Penye mashine ya kutolea pesa, ubavuni mwa duka la dawa, kuna mlinzi mmoja ambaye watu wanamwita Mzee Funika. Jina lake hasa limebaki kwenye kitambulisho cha kazi alichokining'iniza shingoni, na hakuna anayejisumbua kulisoma. Ukifika tu na kadi mkononi, kabla hujamaliza kumsalimia, ameshakuambia, "Funika mkono, mama. Unapobonyeza namba, funika vizuri."

Vijana wanamtania. "Mzee, nifunike mpaka kichwa? Maana naona baridi."

Yeye hana habari nao. Anaisogelea mashine, anashika mdomo ule wa kuingizia kadi kwa vidole viwili, anauvuta na kuutikisa kama mzazi anayeangalia jino la mtoto limelegea kiasi gani. Akiridhika, anarudi mahali pake na kukupa kisogo mpaka umalize shughuli yako.

Zamani hakuwa hivyo. Kisogo alikuwa anakitoa tangu siku ya kwanza, lakini huko kushika na kutikisa hakukuwapo, wala hilo neno la kufunika hakuwa akilisema.

Wakati huo alisifika kwa adabu. Sare yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe, viatu viling'aa, na salamu yake ilikuwa kamili, siyo zile za kutupiwa kama unayetupiwa maganda. Walipompa lindo la mashine ile, alijiwekea sheria ambayo hakufundishwa na mkubwa yeyote: mteja akiingia kwenye kibanda, yeye anageuka na kutazama barabarani.

"Mtu na pesa zake ni kama mtu na bafu lake," aliwaambia walinzi wenzake waliomcheka. "Wewe unachungulia nini?"

Wateja walimpenda kwa hilo. Kulikuwa na mashine nyingine ng'ambo ya barabara, haina foleni kabisa, lakini kina mama walikuwa radhi wasimame juani wamsubiri yule mzee mwenye heshima zake. Naye alijua, na moyoni alijisikia vizuri. Nani asingejisikia vizuri?

Alikuwa na kiti chake cha mbao, mguu mmoja mfupi, amekitegea kipande cha boksi. Juu yake kulikuwa na kamto kadogo kalikodariziwa maua mekundu. Kamto hako kalishonwa na dada yake.

Dada huyo ndiye mama yake, ukitaka ukweli. Mama yao alipofariki yeye alikuwa bado anatambaa, na dada, ambaye naye alikuwa msichana tu, akamfunga mgongoni na kuendelea na maisha. Alimlea kwa sindano. Alidarizi vitambaa vya meza, foronya, mashuka ya maharusi, na kwa kazi hiyo mdogo wake akala, akavaa, akasoma mpaka pale alipofikia. Hata alipokuwa na mke na wajukuu, dada akimwona bado alimwuliza, "Umekula?"

Sasa macho ya dada yakaanza kumsumbua. Kwanza alisingizia nyuzi. "Siku hizi wanazitengeneza vibaya, haziingii kwenye sindano." Kisha akasingizia sindano zenyewe. Kisha taa. Siku alipodarizi ua la kijani kwenye shuka jeupe akidhani ameshika uzi wa manjano, mwanawe akamchukua kwa nguvu hadi kwa daktari wa macho.

Daktari akasema ni presha ya macho, na imeshaanza kulila jicho la kulia. "Mama, likiondoka halirudi. Tulipasue mapema. Hapa hatuna muda wa kuchezea."

Mwana akachangia, mlinzi akachangia, dada mwenyewe akauza cherehani aliyokuwa akiipenda kama mtu. Pesa zikakusanyika kwenye akaunti yake benki, zikisubiri siku ya hospitali. Humo ndimo lilimokuwa lile jicho.

Dada hakuzipenda mashine. Alikuwa na kadi, lakini aliiweka ndani ya kitambaa, kitambaa akakiweka kifuani, na akihitaji kitu aliingia ndani ya benki kwa binti wa dirishani. Ni mdogo wake aliyembadilisha.

"Dada, huko ndani utasimama mpaka miguu ivimbe. Njoo kwangu. Mimi si nipo?"

Maneno hayo, mimi si nipo, ndiyo yanayomrudia mpaka leo anapokaa peke yake.

Wiki hiyohiyo walifika wanaume wawili asubuhi kweupe, watu wakipita kwenda kazini. Wamevaa ovaroli, kadi za plastiki zinaning'inia vifuani, mmoja na mfuko wa vifaa. "Shikamoo, mzee wetu!" Wakainama kidogo. "Viatu hivyo, mzee! Yaani sisi tuna la kujifunza." Akacheka. Wakamwambia wametumwa kuisafisha mashine, inakwaruza kadi za watu.

Utaratibu aliujua. Fundi haji peke yake. Anakuja na mtu wa tawi, na mlinzi anapewa taarifa kabla. Lakini watu wanaosalimia namna ile utaanzaje kuwahoji? Ataonekanaje? Basi akanyamaza.

"Mzee, tunaomba kiti tu, tufike hapo juu."

Akakitoa kiti chake. Kwanza akaondoa kile kimto, wasije wakakichafua kwa viatu, akakiweka kwapani. Na kwa kuwa kiti kilikuwa na mguu mfupi, alikuja akakishikilia mwenyewe kisiyumbe. Alikishika kwa mkono mmoja, uso ameuelekeza barabarani, kwa sababu kazi ya fundi nayo aliiona ni siri ya benki. Walipomaliza walikifuta kiti kwa kitambaa, wakamshukuru, wakaenda zao.

Dada alikuja siku zilizofuata kutoa pesa kidogo ya dawa za matone. Mlinzi alimpokea, akamsogeza mbele.

"Mdogo wangu, mbona kadi inakwaruza?" dada akauliza. "Inakwama kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari."

Mikono ile ilikuwa imeshika vitambaa maisha yote. Ilijua kitu kinapopita vizuri na kinaponasa.

"Ingiza tu, dada. Juzi wametoka kuisafisha."

Akaingiza. Mlinzi akageuka. Dada akasogeza uso mpaka pua ikakaribia vitufe, akatafuta namba moja moja, kidole kinasimama hewani kikisitasita kabla ya kila moja, mkono umekaa wazi kabisa.

"Bado?" mlinzi akauliza huku akiitazama barabara.

"Ngoja bwana, hii nyingine imejificha."

Wakacheka wote wawili.

Siku dada na mwanawe walipokwenda benki kuhamisha pesa za hospitali, binti wa dirishani aliangalia, akaangalia tena, akamwita mkubwa wake, mama mmoja mpole wa kuhudumia wateja. Mlinzi akaitwa kutoka lindoni, akaingia na rungu lake mkononi.

"Mama, pesa zimeshatolewa," yule mama akasema taratibu. "Zimetolewa kwenye mashine za mji mwingine, kidogo kidogo."

"Zimetolewa na nani? Kadi si hii hapa!" Dada akaichomoa kifuani, bado imefungwa kwenye kitambaa chake.

"Hukuwa ukipata ujumbe kwenye simu? Kila zinapotoka, simu inaambiwa."

"Simu ile waliniibia sokoni, mwanangu. Nina laini mpya."

"Ungekuja utupe namba mpya, mama. Ungepata ujumbe wa kwanza tu, ungetupigia, tungeifunga kadi, na hizo nyingine zisingetoka."

"Sikujua."

Yule mama akashusha pumzi. "Nisamehe kukuuliza. Namba yako ya siri anaijua nani mwingine?"

Chumba kikawa kimya. Binti wa dirishani akamtazama mlinzi, kisha akaangalia chini haraka. Mpwa wake naye akamtazama. Dada hakuyaona macho yao vizuri, lakini ukimya aliuelewa, na sauti yake ikapanda.

"Msimtazame ndugu yangu. Yeye hajui. Yeye huwa anageuka! Ulizeni watu wote, ndugu yangu huwa anageuka!"

Nasikia mtu anaweza kutetewa mpaka akatamani ardhi impasukie. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Mama wa benki akawaeleza jinsi wezi wanavyofanya. Wanabandika mdomo wa bandia juu ya mdomo wa mashine, na kadi ikipita pale inanakiliwa. Juu, mahali usipopatilia maanani, wanabandika kamera ndogo kama kifungo cha shati, inaangalia vidole. Wakishapata vyote viwili wanatengeneza kadi nyingine, na yako bado iko kifuani pako. "Ndiyo maana tunasema mtu afunike mkono. Wakikosa namba, kadi pekee haiwafikishi mbali. Ila pale juu sijui walifikaje, ni mbali. Watakuwa walipanda juu ya kitu."

"Walipanda kiti changu," mlinzi akasema.

Akasimulia yote. Ovaroli, salamu, viatu. Jinsi alivyokishikilia kiti. Aliposema aliambiwa kadi inakwaruza na akajibu ingiza tu, alilitazama rungu lake kama kitu cha mtu mwingine.

Dada akaifunga kadi tena kwenye kitambaa chake. Kisha akauliza, "Kile kimto ulikiondoa?"

"Nilikiondoa, dada."

"Basi."

Hakusema zaidi ya hapo. Angemtukana, angelia, angempiga hata kwa ile kadi, mlinzi angepumua. Lile basi lilimkaa kifuani kama tonge lisiloteremka.

Benki wakaenda kwenye mashine, wakaubandua ule mdomo na ile kamera. Dada hakuwa peke yake aliyeibiwa. Uchunguzi ukaanza, na mwisho wake, nashukuru kusema, pesa zilirudishwa zote. Lakini uchunguzi una mwendo wake na jicho lina mwendo wake. Tarehe ya hospitali ilipita. Walijaribu kukopa, kila mlango wakakuta mwenye nyumba naye ana yake. Mlinzi alisali kila alfajiri, hakuomba pesa tena, aliomba jicho lisubiri.

Daktari alipomulika kurunzi baadaye, aliizima taratibu, na mlinzi akajua. "La kulia tumechelewa. Tuliokoe la kushoto."

La kushoto likaokolewa, Mungu ahimidiwe. Linaona, ila si la kudarizi. Dada alizigawa nyuzi zake kwa mabinti wa jirani, rangi kwa rangi, akiuliza kila moja ni ipi kabla ya kuiachia.

"Mungu ameniachia moja," alimwambia mdogo wake aliyekuwa amekaa kajiinamia. "Linatosha kukuona ulivyo mjinga. Inua kichwa. Umekula?"

Kazini walimpa onyo, hawakumfukuza. Aliomba mwenyewe abakishwe lindo lilelile. Kiti akakigawa. Anasimama kutwa nzima, na magoti yanamlalamikia. Anayekuja na ovaroli, hata amwamkie mpaka chini, anaambiwa asubiri pale nje mpaka mtu wa tawi afike. Wengine wanaondoka wamenuna. Na waondoke.

Dada bado anakuja. Mara ya kwanza baada ya upasuaji alimnong'oneza, "Nikutajie tu namba, unibonyezee. Macho yenyewe ndiyo haya."

"Usinitajie, dada. Hata mimi usinitajie."

Akamshika kidole, akakipeleka kwenye kitufe cha katikati. "Unasikia kajipele? Hapo ni tano. Juu yake mbili, chini yake nane. Nyingine utazihesabu toka hapo. Mkono huu fanyia kazi, huu mwingine tandaza juu kama kifuniko."

Vidole vya dada vikapapasa, vikakaona kajipele. "Kama fundo la uzi," akasema, akatabasamu kidogo.

Nyuma foleni ilikuwa imeshaanza kukohoa. Kijana mmoja akasema, "Mzee, si umsaidie tu bibi? Tunachelewa."

"Mtasubiri," mlinzi akasema bila kumtazama. Alikuwa ameshautikisa mdomo wa mashine, lakini akautikisa tena. Akaangalia juu. Akaangalia tena.

"Umefunika, dada?"

"Nimefunika."

"Vizuri?"

"Nimefunika, mdogo wangu," dada akasema kwa upole, jicho lake moja limemwelekea. "Haya, geuka."

Alisita, kama mtu aliyeambiwa aache mlango wazi. Kisha akageuka, akaitazama barabara, na nyuma yake akaisikia sauti ya vitufe, kimoja baada ya kingine, polepole sana.