Warumi Niliowaita Wayahudi

Sinema ile haikuwa na sauti. Sauti ilikuwa yangu. Nilikuwa mwalimu kijana huko Temeke, enzi za Mwingereza, na kila Juma la Mateso tuliziba madirisha ya darasa kwa majamvi, mchana ukawa giza, tukatazama mateso ya Yesu. Wakristo wa bara walikaa mbele. Majirani zetu Waislamu nao hawakukosa, maana sinema ni sinema. Mimi nilisimama kando ya shuka jeupe nikieleza, na nilipenda mno kutia chumvi.

Mijeledi ilipoanza nikapaza sauti: "Waoneni Wayahudi! Waoneni wanavyompiga!"

"Wauaji!" darasa likaitikia. "Wapigwe na wao!"

Nilisisimka. Niliona nimefaulu. Ndipo picha ikakatika.

Mtambo wa sinema uliendeshwa na fundi saa, Mzungu mkimya aliyehamia kwetu baada ya vita. Tulidhani kila Mzungu ni Mkristo. Aliniita karibu.

"Mwalimu, hao wenye kofia za chuma ni askari wa Kirumi. Myahudi ni huyo anayepigwa. Na mama yake. Na mimi."

Nikageuka kuwatazama watu waliokuwa wakingoja.

"Kwetu Ulaya, watu walitoka kutazama mchezo kama huu wakaja kutuvunjia milango. Nikiwasha tena, utawaambia nini?"

Huko nyuma bibi muuza vitumbua alikuwa amechoka kungoja. "Mwalimu, mbona kimya? Au keshafufuka, sie twende zetu?"

Watu wakacheka. Nilirudi mbele.

"Ndugu zangu, nimekosea. Hawa wanaopiga ni askari wa serikali ya Rumi, iliyoitawala nchi ya wenzao. Anayepigwa ndiye Myahudi, mwenyeji."



"Aa, serikali!" bibi akasema. "Si ungesema mapema! Hao twawajua."

"Kumbe mwalimu hata sinema yake haijui!" akadakia mwingine, na kicheko kikazunguka darasa zima. Nilicheka nao, nimeona haya hadi masikioni.

Fundi akawasha mtambo. Mijeledi ilirudi, nami sikutia neno. Watu walilia taratibu, kisha wakatawanyika kwenda makwao wakipiga soga.

Tulibaki wawili. Nilimwomba arudishe mkanda mwanzo. Tuliutazama tena alasiri ile, nikimwuliza kila uso ni wa nani, naye akinijibu mmoja mmoja, hata wale wanaopita nyuma tu na kapu la samaki.