Glisirini Iliyogomewa na Mbuzi

Mwalimu Violeth alitoka Songea na begi moja la nguo na kichwa kilichojaa baiolojia, akapanga chumba Kariakoo, juu ya duka la vitenge la mzee Bhupendra. Hapo huwafundisha tyusheni watu wazima wanaorudia mtihani: wauza viatu, wasusi, na mlinzi mmoja anayesinzia kwa heshima zote. Maabara hana. Ana glasi za chai, glisirini ya duka la vipodozi, na damu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, ambaye kila akimwona humuuliza, "Leo unamloga nani, mwalimu?"

Sasa, ndugu zangu, nyumba ya mzee Bhupendra, kwa imani ya dini yao, hata yai haliingii. Siku alipokuta kopo la damu kwenye ngazi, alipanda mwenyewe katikati ya kipindi, mkewe Kusum nyuma, amekuja kutazama tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Utahama."

Violeth akaomba kwanza amwoneshe kazi ya damu ile. Akadondosha tone kwenye glisirini iliyochanganywa na maji kwa kipimo.

"Seli nyekundu ina utando laini, mzee. Glisirini ni vidude vidogo, vinapenya, na maji yanavifuata. Seli inavimba mpaka inapasuka. Huu ukungu wa damu utaondoka sasa hivi, glasi ing'ae kama juisi ya rozela."

Wakasubiri. Ukungu umekaa palepale. Mlinzi akaamka, akatazama, akalala tena.

"Inapasuka lini?" akauliza mzee.

"Kitabu kinasema muda mfupi tu."

"Basi mbuzi wako hajasoma," akasema Kusum. "Hicho kitabu kilitumia damu ya nani?"

Violeth akafunua kitabu. Ya mtu. Miaka yote alikuwa akiwalaumu wauza vipodozi kwamba wanachakachua glisirini, kumbe utando wa seli za mbuzi ndio mgumu kuipitisha.

Kusum akamshika mumewe mkono. "Chukua hapa. Huyu hali nyama."

"Kusum, mimi nimekuja kumfukuza mtu."

"Mfukuze kwa kidole kingine."

Sindano mpya, tone moja kwenye glasi nyingine ya glisirini. Mzee hajamaliza kulalamika, glasi imeshang'aa. Akaiinua, akasoma kalenda ya ukutani kupitia humo, akaisoma tena.

"Damu ya mbuzi, marufuku," akasema. "Mwanafunzi aje na kidole chake. Mwalimu, kaa."

"Tuanze na nani?" akauliza Violeth.

Darasa zima likamgeukia mlinzi. Tangu siku ile hasinzii.