Usiniambie Umeelewa

Nakumbuka Jumamosi moja pale Mabanga, mwanangu, nimeshika bomba la kunyunyizia dawa ya mahindi mbele ya wakulima wenzangu, nimetahayari, sijui nitazame wapi. Siku hiyo imenirudia jana uliponipigia simu kutoka Kitale kuniambia kwamba darasa lako la kwanza la kufundisha chuo kikuu linakwenda vizuri, wanafunzi wanaelewa kila kitu, hata hakuna anayeuliza swali. Nilifurahi kusikia sauti yako. Halafu nikaingiwa na wasiwasi, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mimi nami nilianza hivyo. Nilikuwa mhadhiri mchanga wa hisabati katika chuo kimoja Bungoma, na nikishika chaki hunishiki. Najaza ubao mara tatu, nageuka, nauliza, "Tumeelewana?" Ukumbi mzima unaitikia, "Ndiyo, madam." Nafuta, nasonga mbele. Mtihani ukija, zaidi ya nusu wanaanguka, nami nasema watoto wa siku hizi ni wavivu. Tena, Mungu anisamehe, nilijivunia kidogo, kwa kuwa tulidhani mwalimu anayeangusha wengi ndiye msomi. Nyani haoni kundule.

Wiki ya ile Jumamosi ya Mabanga, msichana wa mwaka wa kwanza, Nasimiyu wa Bumula, alikuja ofisini na fomu ya kuacha masomo. Alikuwa ameanguka hisabati mara mbili, akataka niitie sahihi arudi nyumbani kumsaidia mamake dukani. Sikumuuliza alikwama wapi. Nilimwambia hesabu si ya kila mtu, aiache fomu mezani, nitaitia sahihi Jumatatu. Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Jumamosi nikaenda Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima, kujifunza kilimo, kwa sababu nilikuwa nimekodi shamba na mahindi siyajui ila kwenye sahani. Mkufunzi wetu, Mzee Simiyu, alieleza polepole. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa ni cha ekari nzima, na bomba moja halimalizi ekari. Kwa hivyo kwanza unanyunyiza maji matupu, ujue ekari inakula mabomba mangapi, ndipo uigawanye dawa. Akauliza kama tumeelewa. Sote tukasema ndiyo, na ndiyo yangu ilikuwa ya juu kuliko zote. Basi akanipa bomba, na chupa ya maji tuliyoifanya ndiyo dawa. Nikamimina kipimo cha ekari nzima ndani ya bomba moja.

"Mwalimu, hapo mahindi yote imeungua," alisema, wala hakucheka. "Na si umesema umeelewa?"

Nikamjibu kwamba niliona haya, kwa vile wenzangu wote walikuwa wamekubali.

"Sasa hao wako wa chuo, unafikiri wanakuambianga ukweli?"

Naye hakurudia maelezo. Alitupanga wawili wawili, tukabishana, tukakosea, tukaloa maji, yeye anapita tu akisema, "Nionyeshe." Kufikia saa sita kila mmoja wetu alijua.

Jumatatu nilimwita Nasimiyu, nikampa chaki, nikamwambia anionyeshe anavyofanya swali la mtihani. Alienda vizuri, halafu akasimama kwenye mteremko wa mstari uliopinda, jambo nililolifundisha wiki ya pili. Tangu hapo alikuwa akinakili tu. Nikamuuliza, ukipanda njia ya Kapsokwony kwa baiskeli, ukali wa mlima ni uleule mwanzo hadi mwisho?

"Hapana, madam. Kuna pahali unashuka unasukuma."

Nikamwambia basi, sisi tunapima pale tu gurudumu lilipo. Akarudi ubaoni, akamaliza hesabu. "Kumbe ni hiyo tu?"

Alipotoka nililia, mwanangu. Nilikuwa nimekaribia kumfukuza mtoto wa watu kwa jambo la nusu saa.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza kama tumeelewana. Niliandika swali moja ubaoni, wakabishana wawili wawili, nami nikapita katikati yao. Mkuu wa idara alichungulia akauliza kama hapa ni sokoni. Nilimwomba angoje matokeo. Yalipobandikwa nilishuka na kidole hadi kwenye jina la Nasimiyu. Amepita. Si kwa alama za kutangaza, lakini amepita, nami nikashusha pumzi kama aliyetua mtungi. Fomu yake niliichana siku hiyo hiyo. Leo anafundisha fizikia hapo hapo Kitale, na shule yake inalalamika kwamba darasa lake lina kelele.

Basi shika hili. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwanafunzi hafichi kwa kupenda, anaficha kwa haya, na haya hiyo ni wewe utakayemtoa. Kabla hujasema mtu hawezi, mpe chaki umwone anapokwama. Mungu akupe subira na masikio, na darasa lenye kelele. Wala usinipigie simu kuniambia umenielewa. Nitakuja Alhamisi, nikae nyuma kabisa, unionyeshe.