Jagi la Khisa

Kila jioni kabla ya kufunga mlango, Nakhungu alijaza maji kwenye jagi la bati na kuliweka juu ya kigoda karibu na kabati. Kila asubuhi alilikuta vilevile, akayamwaga maji hayo kwenye migomba nyuma ya jiko. Hayo alikuwa ameyafanya tangu amzike mumewe, na majirani zake wa Naitiri walishachoka kuuliza. Walisema ni mambo ya wajane, na kwamba mjane akiachiwa mambo yake hamsumbui mtu.

Kisha asubuhi moja, mahindi yakiwa yameshavunwa, alikuta jagi tupu.

Nakhungu si mtu wa kutishika ovyo. Mwanamke anayenunua mikungu ya ndizi mbichi Bumula, akaivundika kwa magunia ndani ya nyumba, kisha akaenda kuiuza Kitale kati ya madalali wasio na haya, hawezi kuwa mwoga. Lakini siku hiyo aliogopa. Aliketi sakafuni na jagi mapajani, akalichungulia ndani kana kwamba mtu angechungulia kutoka upande wa pili.

Ili mtu aelewe kwa nini, lazima aambiwe habari za Khisa.

Khisa, mumewe, alikuwa fundi wa kinu cha kusaga unga pale senta. Alikuwa pande la mtu, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mwaka wake wa mwisho alianza kukonda hadi suruali zikafungwa kwa kamba. Chakula alikula, tena alikula cha watu wawili, lakini hakikuonekana kilikoenda. Na maji! Alikunywa jagi zima, akapumua, akaomba jingine. Wapo waliosema ni chang'aa imemchoma matumbo. Wapo walioshusha sauti na kuutaja ule ugonjwa wasioutaja jina. Shangazi zake walishikilia kwamba kuna mtu wa kinuni aliyemwonea kijicho. Kila mtu alikuwa na sababu mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyesema twende akapimwe, maana kwa watu wetu anayetembea kwa miguu yake si mgonjwa.

Kilichomshinda Nakhungu ni kitanda. Khisa, mtu mzima mwenye mkwe, alianza kukojoa kitandani. Godoro lilianikwa nje kila asubuhi, watu wakapita wakilitazama. Mkojo ukimwagika chini, sisimizi walikuja wakajipanga. Nakhungu aliona aibu hadi akaacha kwenda kanisani. Na dawa ya mtoto mkojozi aliijua, kama wanavyoijua akina mama wote: jua likizama, hanywi kitu. Basi akamfanyia mumewe hivyo hivyo. Kwanza alimsihi. Baadaye akawa analiweka jagi juu ya kabati, mahali ambapo mtu asiye na nguvu hafiki.

Siku ya mwisho Khisa aliomba maji tangu asubuhi. Nakhungu alikuwa ametoka tu kubadilisha shuka, akamwambia angoje kidogo, akaenda kupalilia maharagwe. Aliporudi alimkuta sakafuni chini ya kabati, mkono umenyooka kuelekea juu. Alipoinama kumfumba mdomo, alisikia harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nyumba haikuwa na ndizi hata moja. Biashara ya ndizi ilikuja baadaye, mshahara wa kinu ulipokatika.

Kwa hiyo tangu siku hizo, kila alipofunua magunia na ile harufu ikampiga usoni, alimkuta Khisa mle ndani, akingoja maji. Hakumwambia mtu, hata binti yake Viola. Alijaza jagi tu.

Sasa jagi lilikuwa tupu.

Jioni iliyofuata alilijaza tena na kulala jicho moja wazi. Aliyeamka hakuwa mzimu. Alikuwa Jotham, mtoto wa Viola, wa darasa la kwanza, aliyeishi naye kwa sababu mama yake anauza mitumba Suam mpakani na huja Jumapili kwa Jumapili. Mtoto alilishika jagi kwa mikono miwili, akanywa mpaka likaisha.

"Kukhu, niko na kiu," alimwambia nyanya yake.

Aliisema kwa unyonge ule ule wa Khisa. Na baada ya kiu yakafuata mengine, moja baada ya jingine, kama mtu anayerudi kwake kwa njia anayoijua. Jotham akaanza kukojoa kitandani, naye alikuwa ameacha zamani. Sisimizi wakajipanga. Alikula akamaliza, akaomba tena, na kaptula ya shule ikaanza kumteleza kiunoni.

Kwao inafahamika kwamba marehemu asiyetulia humwingia mtoto na kumsumbua mpaka apewe jina lake. Nakhungu hakuhitaji kuelezwa na mtu. Khisa alikuwa amerudi kudai maji yake. Aliogopa, ndiyo. Lakini tuseme ukweli wote: alifurahi pia. Alifurahi mpaka akalia jikoni peke yake, kwa kuwa safari hii jagi lilikuwa mikononi mwake na hakuna ambaye angemzuia kulitoa.

Akawa anampa. Maji alimpa, tena ya kutosha, na akiba akamwekea kwenye mtungi. Kisha akakumbuka kwamba Khisa alipenda chai yenye sukari hadi midomo inanata, akampikia hiyo. Mtoto alipozidi kukonda, alimnunulia soda, na glukosi ya pakiti ili apate nguvu.

Glukosi hiyo aliinunua Kitale kwa Rajinder Singh, mzee wa Kalasinga mwenye duka karibu na soko, ambaye pia humuuzia magunia ya kuvundikia. Wamejuana muda mrefu, na huwa wanataniana kuhusu nani atastaafu kwanza. Alipoona pakiti zimekuwa nyingi, Rajinder aliuliza nani mgonjwa. Nakhungu alimweleza habari za kiu, za mkojo, hata za sisimizi. Ya Khisa aliyaficha.

Rajinder hakutania. Alizirudisha pakiti kwenye rafu.

"Mama, sikia mimi. Mutoto yangu Yuvraj alianza namna hiyo hiyo, akiwa mudogo kama huyo. Ni sukari. Siku ile alizidiwa, mudomo yake ilikuwa inanuka matunda, na sisi tunafikiri amekula pipi. Peleka mutoto hospitali leo, si kesho."

Nakhungu alisikia neno matunda, likamwingia na kukwama. Lakini alijiambia kwamba hayo ni magonjwa ya watu wa mjini, wenye friji na keki. Mtoto wake anakula ugali na mboga. Akaenda kununua glukosi duka la pili.

Viola alipokuja Jumapili, alimshika mwanawe mbavu na kushtuka. Alitaka kumpeleka hospitali kesho yake. Nakhungu alimsihi wangoje Jumamosi, Absalom amwite mtoto jina la marehemu, kisha waende wanakotaka. Absalom ni shemeji yake, mdogo wa Khisa, mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mzee wa ukoo siku nyingine zote. Yeye alikuwa na hakika kuliko wote.

"Shemeji, huyo ni mzee mwenyewe anabisha mlango," alisema. "Mukifungua, atatulia."

Viola akakubali kungoja. Ni vigumu kubishana na baba yako aliyekufa.

Jumamosi jogoo alichinjwa, uji wa wimbi ukapikwa, Absalom akampulizia mtoto pombe ya busaa kifuani na kumwita Khisa mbele ya watu. Jotham aliitikia kwa sauti ndogo, kisha akaomba maji. Watu wakacheka kwa furaha, wakasema ni yeye kabisa. Nakhungu alimpa jagi kwa mikono miwili, jinsi mke anavyompa mumewe. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili asubuhi mtoto alianza kutapika. Alishika tumbo, akakataa uji, akakataa chai. Kufikia adhuhuri alikuwa amelala akipumua kwa nguvu, pumzi ndefu nzito, kama mtu aliyepanda mlima. Absalom aliitwa. Alikuna kidevu, akasema labda jina silo, labda kuna marehemu mwingine nyuma yake, wangeuliza upande wa baba wa mtoto. Nakhungu alimsikiliza huku akiinama kumpangusa mtoto mdomo.

Harufu ikampiga usoni.

Alisimama akatazama kona ya magunia. Kona ilikuwa tupu, ndizi zote zilikuwa zimeuzwa Ijumaa. Mtoto hakuwa ametia kitu kinywani tangu kuamka. Khisa alikuwa amepewa jina, amepewa maji, amepewa jogoo na chai ya sukari. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kudai. Kama hiyo harufu haikuwa Khisa siku hii, huenda haikuwa Khisa siku ile pia. Na maneno ya Rajinder, yaliyokuwa yamekwama, yakateremka.

"Viola, mbebe," alisema. "Tunaenda Kitale."

Absalom akaanza kusema kuhusu upande wa baba. Nakhungu alimwambia shemeji anyamaze, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani, wakatoka kutafuta gari.

Kwenye hospitali walipokelewa na daktari mwanamke kijana, Ciru. Alimchoma mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine, na kimashine hakikutoa hata nambari, kikasema tu kwamba sukari iko juu kupita kipimo chake. Akanusa pumzi ya mtoto. Kisha kila mtu alianza kwenda haraka. Nakhungu alidhani watamdunga dawa kwanza. Kwanza walimtundikia maji.

Alikaa akiyatazama yale maji yakidondoka tone kwa tone na kuingia mkononi mwa mtoto. Viola alikuwa amejifunika uso kwa leso. Hakuna aliyejua kama Jotham angefumbua macho, na Nakhungu alijua kwamba asipofumbua, atakuwa amewaua wawili, mmoja kwa kumnyima na mwingine kwa kumpa.

Alifumbua kesho yake, jua likiwa limechomoza, akauliza viatu vyake viko wapi.

Ciru alikuja kuwaeleza polepole. Mwili una kitu kinaitwa insulini, alisema, ndicho kinachoifungulia sukari mlango iingie kufanya kazi. Mwili wa Jotham ulikuwa umeacha kukitengeneza. Sukari ikabaki kwenye damu, figo zikajaribu kuitoa kwa mkojo, na ikitoka haitoki peke yake, inaburuta maji ya mwili. Ndiyo hiyo kiu. Mtu anakula na bado mwili una njaa, basi unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na mabaki yake ni sumu inayonuka kama matunda. Chai haikuleta ugonjwa, wala hakuna aliyemroga, ingawa glukosi na soda zilimwagia moto mafuta ya taa. Atadungwa sindano ya insulini kila siku, atasoma, atacheza, atazeeka.

Nakhungu alimwuliza kama ugonjwa huo unaweza kumshika mtu mzima. Ciru alisema watu wazima wana wao wa aina nyingine, tena ndio wengi, na dalili zinafanana.

"Na akinyimwa maji? Mtu kama huyo?"

Ciru alidhani anaulizwa kuhusu Jotham. Alimshika bega.

"Shosho, wewe hukumnyima. Bila dawa angeisha tu, lakini akinyimwa maji anakauka na kwenda haraka, na kwa mateso. Hayo maji ulikuwa unampa ndiyo yamemfikisha hapa akipumua."

Nakhungu alishukuru. Alitoka hadi kwenye ua wa hospitali, akashika tama mahali ambapo Viola hangemwona.

Waliporudi Naitiri, Viola alihamisha biashara yake kutoka Suam ili awe karibu, na Rajinder akawafundisha kuihifadhi insulini kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, kwani nyumba haina friji. Jioni ya kwanza Nakhungu alijaza jagi akaliweka kwenye kigoda. Hakujua alimwekea nani.

Asubuhi akaenda moja kwa moja kulitazama. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, halijaguswa. Mtoto alikuwa amelala usiku kucha bila kiu, na godoro lilikuwa kavu. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akabaki amelishika, maana maji yale yale yalimwambia na jambo jingine, kwamba Khisa hajanywa, na hakuwa amekunywa hata mara moja katika miaka yote hiyo.

Jotham aliamka akamkuta hapo.

"Kukhu, hiyo maji ni ya nani?"

Nakhungu angeweza kusema ni ya migomba. Amekuwa akiwaambia hivyo watu wote.

"Ni ya babu yako," alisema. "Alikuwa na kiu kama yako, mimi nikamnyima."

Mtoto hakushangaa wala hakuuliza kwa nini. Alifikiri kidogo, huku akijikuna mahali alipodungwa sindano.

"Hiyo kiu ni mbaya, Kukhu," alisema.

Nakhungu akaitikia kwamba anajua. Hakujua. Hapo nyumbani waliojua walikuwa wawili tu, mtoto huyu na yule aliyezikwa ng'ambo ya migomba. Alimvalisha Jotham sweta ya shule, akamsindikiza hadi barabarani, na jioni ilipofika akalijaza jagi tena.