Wifi wa Kukodi

Siku hizi hapa Daegu, Korea, hata ndugu hukodiwa. Mwanamke huyu alikodiwa na mwanangu Hyeon-u awe shangazi yake siku ya harusi yake, maana upande wetu ungeonekana mtupu pichani. Aprili nilimwona akilia kwenye harusi ya jirani, kwa leso hiyohiyo ya zambarau aliyokuja nayo kwetu na kwa mpango uleule: jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, wanja usichuruzike. Aliniita "wifi" kana kwamba tumechachusha kabichi ya kimchi pamoja miaka thelathini. Vidole vyake havikuacha kuipapasa tikiti ya chakula mkobani, na kila tulipopiga makofi yeye alitangulia kidogo, kama mwalimu wa kwaya.

Kabla ya picha, bibi mmoja wa upande wa bibi harusi, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Mokpo, alimuuliza wifi huyu, "Mbona baba wa bwana harusi simwoni?" Wakala aliyemkodisha hakumwandikia jibu la hilo, lakini hakubabaika.

"Kaka? Anahangaika na maegesho, bibi. Tangu utotoni ni mtu wa kuchelewa tu."

Mume wangu, ambaye hakuchelewa hata siku moja, ana miaka sita kaburini. Bibi akacheka, akanigeukia.

"Wanaume hawa! Kweli, mwanangu?"

Ningetamka neno moja la ukweli, ukumbi mzima ungejua kwamba sisi akina Ryu hukodi ndugu.

"Kweli, bibi," nikasema. "Magari leo ni mengi."

Wifi yangu akatoa leso, akafuta jicho la kulia.