Mwalimu Vedavati Apoteza Sauti

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Vedavati alikuwa amewakunja na kuwanyoosha watu wa mtaa wa Vontikoppal, mjini Mysuru, katika ukumbi wake ulio juu ya duka la masufuria. Walikuja saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla hata ya kahawa: wastaafu, wake za makarani, na mhasibu mmoja mwenye kitambi ambacho yoga ilikishambulia kila siku bila kukitia hata mchubuko. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minane na mwili laini kama utepe. Aliweza kupeleka mguu nyuma ya shingo huku akimgombeza mtu wa safu ya tatu.

Na huko kugombeza ndiko kulikompa jina. Tangu akanyage ukumbini mpaka afunge mlango, mdomo wake haukupata likizo.

"Inua mkono, Mzee Puttaswamy, si huo, wa kulia, huo mwingine! Bi Girija, huo ni mgongo au ni furushi la nguo? Vuta pumzi. Toa. Nani amekula vitunguu jana? Vuta, nimesema vuta!"

Watu walivuta pale walipopata upenyo.

Mzee Puttaswamy alikuwa mkuu wa treni mstaafu, mtu wa kupiga filimbi na kutazama saa. Siku moja, darasa lilipokwisha, alisimama kwa heshima zote.

"Mwalimu, utanisamehe. Leo nimekuhesabia. Umetuambia tuvute pumzi mara arobaini na moja. Wewe mwenyewe hukuvuta hata moja."

Ukumbi mzima ulicheka. Vedavati naye akacheka, lakini kesho yake alimsimamisha mzee kwa mguu mmoja mpaka akaomba radhi.

Miezi miwili baadaye mpwa wake akaolewa katika mji wa Hassan. Kwa siku tatu Vedavati aliongea akishindana na ngoma na tarumbeta, akiwaelekeza wapishi, akimsahihisha hata kuhani. Aliporudi Mysuru, alifungua kinywa kumsalimu jirani, pakatoka sauti kama ya mlango wenye kutu. Halafu hata hiyo ikakatika.

Daktari wa koo alimmulika, akatikisa kichwa. "Siku kumi na mbili, dada. Usiseme. Wala usinong'one, maana kunong'ona ni kubaya zaidi."

Mumewe Shivaramu, fundi cherehani wa blauzi za sari, aliuliza kwa upole, "Daktari, siku kumi na mbili zitatosha kweli?"

Vedavati alimfinya paja.

Darasa hakulifunga. Alisimama mbele ya watu akaongoza kwa mikono, kama askari wa barabarani. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, akawasikia. Mzee Puttaswamy alihema haraka haraka, kama aliyekimbizwa. Mhasibu alipumua kwa mabega tu. Bi Girija, mjane mpole wa safu ya mbele, alikuwa hapumui kabisa: alibana hewa kifuani tangu mwanzo wa zoezi hadi mwisho, mtu angedhani yuko chini ya maji. Vedavati akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe. Halikusogea. Pumzi yake ilikuwa fupi, imekwama hapo kwenye mitulinga, haishuki.

Hilo lilimtia hofu. Alikuwa mwalimu wa watu waliokuwa wakizama, naye akizama nao.

Aliandika shida yake kwenye kibao cha shule. Bi Girija akakisoma, akasema, "Nenda kwa shangazi yangu Nagaratnamma, kule Srirangapatna. Anafundisha pumzi. Ila usimtegemee akubembeleze."

Nagaratnamma alimpokea barazani, akiwa anamenya maharage mabichi. Vedavati alimpa kibao kilichojaa herufi ndogondogo: shahada zake, miaka yake, majina ya walimu wake.

"Miwani iko ndani, na mimi siinuki," alisema bibi. "Kaa."

Akakaa.

"Tundu la kushoto la pua ni mwezi, linapoza. La kulia ni jua, linachemsha. Watu wengine nguvu zao zimelala upande huu, wengine upande ule. Wewe mwanangu, naona unachemka tangu uzaliwe. Ziba la kulia. Vuta kwa kushoto, hesabu nne. Sasa badilisha, toa kwa kulia, hesabu nane."

Vedavati alifika tano, akakohoa. Baada ya nusu saa ya hiyo hiyo nne na nane, aliandika kwa herufi kubwa: LINI TUNAFIKA KWENYE MAGUMU?

Hayo bibi aliyasoma bila miwani. "Nane imekushinda, unaulizia magumu! Haya, funga macho, tulia."

Akafumba macho kutafakari. Akatafakari bei ya ukwaju, blauzi ya shemeji, na jinsi ambavyo angeipanga upya baraza hii kama ingekuwa yake. Kisha akalala. Alipozinduka, maharage yalikuwa yamekwisha kumenywa.

"Daktari alikukataza kusema," bibi alimwambia. "Kukoroma hakukukataza, nimesikia. Rudi Alhamisi."

Siku ya tisa ya ukimya, Vedavati alikuwa amekaa nyumbani, cherehani ya mumewe ikilia chumba cha pili. Nne, nane. Nne, nane. Bila yeye kuiita, pumzi ikashuka mpaka tumboni, ikatulia hapo. Kwa kitambo kidogo hakuwa na mtu wa kumsahihisha, wala hamu ya kumtafuta. Machozi yakamtoka tu.

Shivaramu akatokea mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, akaona machozi, akashtuka.

"Mama Kavya, nimefanya nini?"

Mkewe alimtazama tu.

"Basi, basi, usinitazame hivyo! Ni kweli. Nilikula peremende za kwa dada, na sukari yangu naijua. Vipande vinne." Kimya. "Sita."

Sauti iliporudi, ilirudi na mambo mapya. Nusu ya darasa sasa ilikuwa ya viungo, nusu ya pumzi na kukaa kimya. Mhasibu alihamia kwenye jumba la kunyanyua vyuma, kitambi kikamfuata. Waliobaki walipimwa jua na mwezi hata kama hawakuomba, na hata wasio wa darasa: muuza maua, kondakta wa basi, mumewe.

"Jua limekuzidi, Baba Kavya."

"Limenizidi kwa sababu ni saa nane na sijala."

Ule ukimya wa mwisho wa darasa ulitakiwa kuwa wa dakika ishirini. Wiki ya kwanza Vedavati aliweza nne, akamwambia mtu anyooshe shingo. Mwezi wa tatu aliweza zote. Asubuhi moja, katikati ya ukimya huo, Bi Girija akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, kisha akalia kwa sauti. Vedavati alikuwa na maneno kumi na saba tayari ulimini. Aliyameza, akavuta mkeka wake, akaenda kukaa karibu naye, bega kwa bega, mpaka wakati ukaisha.

Aliendelea kwenda Srirangapatna kila Alhamisi kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne Nagaratnamma alihamia Bengaluru kwa binti yake, akamwachia baraza na wanafunzi wake, vikongwe sita wasiosikia vizuri. Siku ya kwanza walimzunguka wakamchunguza.

"Ndiye huyu? Mbona mwembamba?"

"Ana watoto?"

"Muulize kama ana mume."

"Ninao wote," alisema Vedavati, akacheka. "Haya, mama zangu, tuzibe la kulia."

"Anasema nini?"

"Anasema ana mume anaitwa Kulia."

Akawaonyesha kwa kidole, akiziba tundu lake la kulia.